Naveti na sindano: usiuzishe mashini ya bibi kwa kilo kabla ya kuangalia haya



Wengi mnanijua kwa mambo ya mihogo na mbegu, kwa hiyo leo mtashangaa kidogo. Nataka tuzungumze juu ya mashini za kushona za zamani, zile nyeusi zenye maua ya rangi ya dhahabu, ambazo katika nyumba nyingi zina umri kuliko baba mwenye nyumba. Tena si mashini nzima. Nitasema juu ya vitu viwili tu, vyote vinaenea ndani ya kiganja: sindano, na kile chombo kidogo kinachobeba uzi wa chini, ambacho washonaji wetu hapa wanakiita naveti.

Sababu ni hii. Vijana wanaonunua vyuma vikuukuu wanapita mitaani na mizani yao, na kichwa cha mashini ya zamani ni chuma kizito, kinalipa haraka. Mama anakitoa ndani ya nyumba akisema: "Hii ilishakufa, haishonake tena." Ukimuuliza imekufa nini, hajui. Ukiifungua unakuta gurudumu linazunguka vizuri, meno yanasukuma kitambaa, hakuna kilichovunjika. Kinachokosa ni sindano ya aina yake, ama naveti ilipotea siku ya kukimbia, ama walitia naveti ya mashini nyingine ikakataa. Mashini nyingi ninazoitwa kuzitazama ziko namna hiyo. Ni kusema tunakata mwembe kwa sababu mwaka huu haukuzaa.

Na kwa familia iliyoshuka kutoka milimani bila jembe wala shamba, mashini moja ndiyo shamba. Mwezi wa nane, kabla ya masomo kuanza, kila mzazi anatafuta shati nyeupe na sketi ya buluu ya mtoto. Mshonaji ambaye mashini yake imelala mwezi huo, amepoteza msimu, kama mkulima aliyekosa mvua ya kwanza.

Tuanze na namna mshono unavyofanyika, maana bila kuelewa hapo, mengine yote yatakuwa kukariri. Sindano ya mkono ina tundu nyuma. Sindano ya mashini ina tundu karibu na ncha, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobadilisha kazi yote. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alipata hati ya uvumbuzi ya mashini inayoshona kwa nyuzi mbili: sindano yenye tundu kwenye ncha, na naveti inayopita chini. Mwaka 1851 Isaac Singer naye akapata hati yake, halafu jina lake likaenea mpaka kwetu, hata leo kuna wazee wanaosema "singa" wakimaanisha mashini yoyote.

Sindano inashuka na uzi wa juu na kuvuka kitambaa. Ikianza kupanda, kama milimita 2 hivi, uzi hauwezi kupanda nayo mara moja kwa sababu umebanwa na kitambaa. Unalegea, unatoa kitanzi kidogo upande mmoja wa sindano. Ni ile saa tu ambapo mdomo wa naveti unapita ndani ya kitanzi na kuacha uzi wa chini. Halafu nyuzi zote mbili zinavutwa, fundo linakaa katikati ya kitambaa. Basi. Ni kazi ya chini ya nusu sekunde, na nafasi kati ya mdomo wa naveti na sindano ni nyembamba kama karatasi ya daftari.

Sasa waza kidogo. Kama sindano ni fupi kuliko inavyotakiwa, kitanzi kinatokea juu na naveti inapita chini yake bila kukuta kitu. Mashini inaruka mishono, ama haishoni kabisa. Kama sindano ni ndefu, inakuta naveti njiani na kuigonga. Sindano inavunjika, hilo ni jambo dogo. Lakini mdomo wa naveti unapata jeraha, na kuanzia siku ile unakata uzi kila baada ya mishono michache. Kwa hiyo sindano na naveti ni mke na mume. Huwezi kujua moja bila kujua nyingine, na huwezi kujua zote mbili bila kujua mashini.

Mashini unaijuaje? Usiangalie maua, wala jina lililoandikwa mkononi, maana watu wanapaka rangi upya na kubandika jina wanalotaka. Angalia chini ya sindano. Vuta bati za kung'aa, zungusha gurudumu pole pole kwa mkono, tazama nini kinatembea huko.

Ukiona kitu chenye umbo la mtumbwi, ncha mbele na tumbo wazi, kinachoenda na kurudi katika mstari ulionyooka, hiyo ni mashini ya kizee kweli. Singer namba 12, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1865, iko katika jamii hiyo, na makampuni mengine ya Ulaya yalitengeneza za namna hiyo kwa miaka mingi. Hapa kwetu ni adimu. Mimi nimeiona moja tu, na mwenyewe alikuwa anaitumia kama kizuizi cha mlango.

Jamii ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi na ndiyo ninayoipenda zaidi. Ni Singer 27, 28, 127 na 128. Bati mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Ukizivuta unaona mkono wa chuma unaobembea kama mkono wa saa ya ukutani, na ndani yake kuna naveti yenye umbo la risasi. Mfano mbaya kwa nchi yetu, lakini ndio unaoeleweka haraka. Mama mmoja alinieleza kwamba kwenye kizuizi cha barabarani walimpekua, wakakuta naveti ndani ya mfuko wa kitenge, wakamuuliza risasi hiyo ameitoa kwa nani. Ilibidi atoe uzi uliobaki ndani, auvute mbele yao, ndipo wakacheka na kumwacha. Kaneti yake, yaani kile kigurudumu kinachozungushiwa uzi, si duara kama tulizozoea. Ni kijiti chembamba cha chuma cha sentimita 3 na kitu, chenye visahani viwili kwenye ncha. Watu wengi wakiikuta pekee wanaitupa, wanadhani ni kipande cha baiskeli.

Katika jamii hiyo, 27 na 127 ni za ukubwa kamili, 28 na 128 ni ndogo kidogo. Naveti ya 27 inaingia pia kwenye 28, na ya 127 inaingia kwenye 128. Lakini kutoka 27 kwenda 127, hapana. Zinafanana machoni kama mapacha, na ndiyo hapo watu wanapoteza pesa. Muuzaji anakuambia "ni ile ile", unafika nyumbani, haikai vizuri ndani ya mkono wake.

Jamii ya tatu mnaijua wote hata kama hamjui kwamba mnaijua. Ni Singer 15, ambayo kaneti yake ya duara inaingizwa kutoka upande wa kushoto, chini ya uso wa mashini, ndani ya kikombe kidogo cha chuma. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Wajapani walinakili muundo huo, Wachina nao wakafanya vile, na mashini ya Butterfly ya Shanghai, ile ya kipepeo, ni mtoto wa ukoo huo. Ndiyo maana vipuri vya Butterfly mara nyingi vinaingia kwenye Singer 15 ya zamani bila ugomvi. Mtu mwenye mashini ya namna hii asiuzishe chuma kamwe. Kila kitu chake kinapatikana sokoni Uvira, Bujumbura au Kigoma, na mara nyingi hata hapa Baraka.

Halafu kuna Singer 66 na mdogo wake 99, ambazo kaneti inadondoshwa kutoka juu, mbele ya sindano, chini ya kibati kinachovutwa. Kaneti yake ni ya duara pia, lakini sahani zake zimebinuka kidogo, wakati za 15 ziko bapa. Weka mbili kwenye meza, uziangalie kwa ubavu, utaona. Ukilazimisha ya 15 ndani ya 66, uzi wa chini utavutika vibaya na utalaumu mashini bure.

Na mafundi viatu wasinikasirikie, sijawasahau. Ile mashini yao ya mkono mwembamba mrefu, yenye mguu unaogeuka pande zote, mara nyingi ni Singer 29K. Ina naveti yake ndogo ndani ya ncha ya mkono, kuna zenye kaneti ndogo na zenye kaneti kubwa, na sindano zake zina majina yanayoanza na 29. Sindano ya nguo haina kazi pale.

Hiyo herufi K inasema kitu. Ni Kilbowie, kiwanda cha Singer katika mji wa Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Mashini nyingi za Singer zilizofika Afrika zilitoka huko. Chini kulia, juu ya meza ya kichwa, utakuta namba ya mashini imegongwa kwenye chuma. Kama ni tarakimu tupu, mashini ni ya kabla ya mwaka 1900. Kama inaanza na herufi, ni ya 1900 au baadaye. Herufi E ikifuatwa na herufi nyingine, kama EC au EF, ni ya Clydebank. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wana orodha zinazokuonyesha mwaka wenyewe kutokana na namba hiyo. Andika namba, yote, na herufi zake. Nitarudi hapo, kwa sababu kwetu namba hiyo ina faida kubwa kuliko kujua mwaka.

Sindano sasa. Hapa kuna habari njema ambayo washonaji wengi hawajaambiwa: Singer 27, 28, 127, 128, 15, 66, 99, pamoja na Butterfly, zote zinakula sindano ya aina moja. Jina lake la zamani ni 15x1. Kwenye paketi za leo utaona HAx1, ama 130/705H, ni ndugu wa nyumba moja. Shina lake, ile sehemu nene ya juu, lina unene wa karibu milimita 2 na upande mmoja umekatwa bapa. Kwa hiyo ukiona mashini ya miaka 90 na ukaambiwa "sindano zake hazitengenezwi tena", uulize kwanza ni mashini gani. Mara nyingi ni uongo, ama ni uvivu.

Ila sokoni sindano zinauziwa moja moja, zimetolewa kwenye paketi, zimechanganywa katika kopo moja. Hapo ndipo shida. Mashini za kiwandani zinatumia DBx1, ambayo shina lake ni duara na jembamba, milimita 1.6 hivi. Ukiitia ndani ya Singer ya nyumbani inalegea, inakaa upande, na mshonaji anakaza skurubu mpaka meno yake yanaisha. Kuna pia DPx5, duara, ya milimita 2. Hiyo ni hatari zaidi, maana inaingia na kukaa imara kabisa, unadhani umepata, kumbe urefu wake si ule. Kanuni yangu: shina la duara, sinunui kwa ajili ya mashini ya nyumbani, isipokuwa ile ya kizee ya namba 12, ambayo yenyewe ilitengenezewa sindano ya duara. Kwa hiyo ya namba 12 kweli sindano ni tatizo, na ukizikuta usizidharau.

Mimi napima kwa kile kipimo cha chuma chenye meno mawili tulichotumia shambani kupima unene wa mashina ya mihogo wakati wa kuandika kazi ya mwisho ya lisansi. Kisipokuwapo, chukua sindano moja nzuri unayojua ni 15x1, ilaze kwenye kioo kando ya ile usiyoijua, vichwa vikiwa sawa. Usilinganishe ncha, linganisha matundu. Ncha zinatofautiana kwa kazi, lakini tundu lisipokuwa mahali pake, hiyo si yako. Halafu pitisha ukucha: upande mmoja utasikia mfereji mrefu kutoka shina mpaka tundu. Uzi unaingia kutoka upande wa mfereji huo, na upande wa pili, mara nyingi ndio ule bapa, unaangalia mahali mdomo wa naveti unapopita. Kila mashini ina mwelekeo wake, lakini sheria hiyo haibadiliki. Sindano iliyotiwa kinyume ndiyo ugonjwa wa kwanza ninaoutafuta kabla sijafungua kitu chochote.

Namba kama 90/14 haihusu urefu. 90 ni unene wa mwili wa sindano, sehemu ya mia ya milimita, yaani 0.90. 14 ni hesabu ya zamani ya Singer kwa unene uleule. Kwa kitenge na shati za shule 14 inatosha, 16 kwa kitambaa kizito, 18 kwa jinzi. Kuvingirisha sindano juu ya kioo kutakuonyesha kama imepinda: mwanga chini yake unacheza. Iliyopinda isirudi kwenye kopo. Ivunje kabisa, la sivyo kesho utaitia tena.

Naveti haina bahati ya sindano. Kiwanda cha sindano kinaendelea, lakini naveti ya asili ya mashini ya mwaka 1920 ilitengenezwa kwa ajili ya ukoo ule tu. Zipo za kuigiza zinazotengenezwa leo, nyingine nzuri, nyingine mdomo wake umeachwa na makapi ya chuma. Kabla ya kuichukua, pitisha uzi mwembamba wa polista kwenye mdomo na kwenye kingo zote. Ukikwama mahali, pale pana jeraha. Angalia springi, kile kibati chembamba ubavuni kinachobana uzi, na skurubu yake ambayo ni ndogo kama punje ya ulezi. Hiyo skurubu ikipotea, naveti imekuwa kipambo. Tia kaneti yenye uzi, pitisha uzi chini ya springi, shika ncha ya uzi na uiache naveti ining'inie. Isianguke moja kwa moja, isikatae kabisa kushuka. Ukiitikisa kidogo ishuke kidogo, isimame. Ikishaonyesha hivyo, acha skurubu, usiiguse tena.

Niseme sasa jambo la Bibokoboko, maana ndilo lililonitia katika kazi hii ya kukusanya. Vita vilipofika kule mwezi wa kumi mwaka 2021, watu wengi walikimbia, wengine wakashuka mpaka upande wa Baraka. Kichwa cha mashini hakibebeki na mtoto mgongoni. Mama mmoja mshonaji alifanya kile wazee wa kazi walichomfundisha: alivuta bati, akatoa naveti, akachomoa sindano, akazifunga ndani ya kitambaa na kuondoka nazo. Mashini ikabaki. Alinieleza hivi: "Agro, mwizi atabeba chuma, lakini hatashona."

Mashini hakuiona tena. Ila naveti aliiweka miaka yote, kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini, na yeye mwenyewe hakujua namba ya mashini yake. Aliponionyesha, ilikuwa ya umbo la risasi, mdomo safi, springi nzima. Wakati huohuo kuna mama mwingine hapa mtaani, aliyerudi zamani kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mwenye kichwa cha 127 ambacho naveti yake iliibiwa na watoto. Alikuwa ameshakubaliana bei ya kilo na kijana wa vyuma. Tukaijaribu. Ikaingia ndani ya mkono wake kama ilizaliwa humo. Tulitia sindano mpya 15x1 namba 14, uzi mweupe juu na mwekundu chini ili tuone vizuri, na mshono wa kwanza ulitoka bila kuruka.

Hapo kukatokea jambo ambalo hakuna kitabu kinachofundisha: mashini ni ya nani? Mwenye kichwa alitaka kununua naveti. Mwenye naveti alikataa, na mimi nilimwelewa. Ndicho kitu pekee cha nyumba yake kilichobaki. Wamama walikaa wenyewe wakaafikiana bila sisi wasomi: naveti inabaki mali ya yule wa Bibokoboko, kila mmoja anashona siku zake, na jioni naveti inarudi kwake ndani ya kitambaa chake. Kuna watu wa mabila mawili pale, nisiseme zaidi, lakini kwa wanaojua hali ya Fizi, mjue kwamba siku za kwanza si kila jirani alifurahi. Mpango ungali unatembea.

Tangu hapo ninaweka kila kitu kwa namna tunavyoweka mbegu. Mbegu bila lebo ni chakula tu, hujui ni aina gani wala ilitoka mlima gani. Naveti bila lebo ni hivyohivyo. Kila moja ina kichupa chake chenye namba, na kwenye daftari naandika ilitoka wapi, kwa nani, ndani ya mashini ya aina gani, imepimwa urefu gani, mdomo uko aje, na ilishawahi kujaribiwa kwenye kichwa gani. Sindano nazichoma kwenye kipande cha blanketi ya sufu kilichopakwa mafuta kidogo. Ndani ya kichupa natia mkaa mkavu uliofungwa kwa kitambaa ili unywe unyevu, maana hewa ya ziwa inaleta kutu haraka. Majivu usitie, yanavuta maji na kula chuma.

Ile namba ya mashini niliyosema ndiyo naandika kwanza kabisa. Vita vinatembeza vitu. Kichwa kilichopotea mlimani kinaweza kuonekana sokoni mwaka mwingine, na bila namba hakuna anayeweza kusema "hii ni yangu" na kusikilizwa. Kwa sababu hiyohiyo sinunui naveti kwa mtu asiyeeleza ameitoa wapi, na sivunji mashini nzima kupata vipuri, hata ikiwa mbaya. Mashini isiyo na naveti inaweza kungoja. Iliyovunjwa haingoji tena.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ukali kidogo, kama mwana-agronomi. Tunatoka katika nchi ya michikichi, na mkono wetu unaenda haraka kwenye mawese. Jamani, mawese si mafuta ya mashini. Yanaganda baridi ikija, yanaoza, yanageuka gundi ndani ya vishimo, na vumbi linashika humo. Mashini nyingi zinazoitwa "ngumu" zimejaa mawese ya miaka. Tia mafuta ya taa, acha yalale usiku mzima, zungusha gurudumu pole pole, futa uchafu mweusi, rudia. Ikishalegea, tone moja moja la mafuta mepesi ya mashini. Naveti yenye kutu nayo iogeshwe kwa mafuta ya taa, kisha isuguliwe kwa msasa mwembamba kabisa, kwa urefu wake, si kwa kuizunguka, na mdomo usiguswe. Mafundi wanaonoa mdomo wa naveti kwa tupa wanaiua: wanaufupisha, na kitanzi hakifikiwi tena.

Kwa yeyote mwenye kaneti ndefu, naveti au kichwa kilicholala nyumbani, toka Uvira mpaka Kalemie, mtupigie picha. Ondoa bati kwanza ili tuone chini ya sindano. Naveti ipigwe juu, ubavuni na kwenye mdomo, kando ya rula ya mwanafunzi, na namba ya mashini isomeke yote. Kwa sasa tunatafuta naveti mbili za 28, na ile skurubu ndogo ya springi kwa naveti ya 127, maana tunazo tatu nzima zinazongoja hiyo tu.